Kabla ya kubuni istilahi, muulize mjusi

Majuzi mwalimu mmoja wa biolojia alinipigia simu. "Profesa," akasema, "nataka kuwaeleza wanafunzi wangu kwa Kiswahili habari za mjusi anayezaa bila dume. Neno la kitabuni wanalikariri tu, ukiwauliza maana wanatazamana. Mimi nimewaza kuuita uzazi-pweke. Yafaa?"

Nilimjibu papo hapo kwamba yafaa sana. Neno ni fupi, linatamkika na linabeba maana. Lakini jioni ile nilijiuliza: hivi mimi namjua huyo mjusi? Nikaanza kusoma kazi za David Crews, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, aliyetumia miaka mingi kuchunguza uzazi, homoni na tabia za reptilia. Nilipomaliza, nilijua kwamba nilikuwa nimemjibu mwalimu vibaya. Leo nataka kueleza kwa nini.

Mjusi mwenyewe anaishi katika maeneo makavu ya kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Ni mdogo, ana mistari mgongoni na mkia mrefu kama mjeledi. Wanasayansi humwita *Aspidoscelis uniparens*. Jamii yake nzima ni majike. Hakuna dume hata mmoja. Jike hutaga mayai ambayo hayajarutubishwa, nayo huanguliwa majike walio nakala ya mama yao. Hadi hapo, "uzazi-pweke" limesimama imara.

Sasa sikiliza. Mwaka wa 1980, Crews na mwenzake walichapisha jambo lililowashangaza wengi. Mijusi hao, wakiwa kizimbani, walionekana wakipandana. Jike mmoja alimpanda mwenzake, akamng'ata, akajikunja kumzunguka, vilevile afanyavyo dume wa jamii za karibu zenye madume. Hapakuwa na mbegu za kiume za kupitishwa. Ya nini basi?

Wapo wanabiolojia waliopinga, wakisema hiyo ni tabia iliyozuka kwa sababu ya kufungiwa. Crews hakuishia kubishana. Alipima. Akagundua kwamba mchezo huo unafuata homoni. Kabla mayai hayajapevuka na kutoka kwenye ovari, estrojeni huwa juu, na mjusi hukubali kupandwa. Mayai yakishatoka, estrojeni hushuka na projesteroni hupanda, na sasa mjusi yuleyule ndiye anayempanda mwenzake. Wakikaa wawili, hupishana zamu: leo huyu, baada ya siku kadhaa yule.

Kisha likaja jaribio linalotuhusu sisi watu wa maneno. Mijusi waliowekwa peke yao walitaga, naam, lakini walitaga mara chache kuliko waliokaa na wenzao. Kuwapo kwa mwenzake, na hasa mwenzake aliye katika hali ya kupanda, kunauchochea mwili wa mjusi kutaga zaidi. Kumbe huyu tuliyemwita mpweke hastawi katika upweke! Dume ametoweka katika jamii yake, lakini haja ya mwenzi imebaki. Istilahi "uzazi-pweke" ingemfundisha mwanafunzi uongo kwa neno moja tamu.

Hili ndilo tatizo la kubuni istilahi kwa kutazama neno la kigeni badala ya kukitazama kitu chenyewe. Tunalipasua neno vipande, tunatafuta visawe vya kila kipande, tunaunga, tunapiga makofi. Kitu chenyewe hatujakigusa.

Wala si kwamba Kiswahili hakina nyenzo. Kinazo, tena katika jambo hili kina bahati. Viambishi vyetu vya nafsi havibagui jike na dume. Nikisema "alimpanda, kisha akapandwa," sentensi imekamilika, na msomaji hajalazimishwa kuamua nani ni bibi na nani ni bwana. Kauli ya kutenda, ya kutendwa na ya kutendana zinatosha kueleza alichokiona Crews: anapanda, anapandwa, wanapandana. Lugha inayolazimika kuchagua kiwakilishi cha kike au cha kiume kila hatua hupata taabu mahali ambapo sisi tunapita bila kujikwaa.

Wazee wetu pia hawakutosheka na "jike" na "dume" pekee. Walikuwa na tembe, kuku aliyekaribia kutaga. Mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Mbuguma, aliyekwisha kuzaa. Na koo, jike mzazi. Hayo si majina ya jinsi tu. Ni majina ya hatua za mwili. Mfugaji aliyempa tembe jina lake alikuwa ameona kwamba kuna kitu kinabadilika ndani ya kuku, na kwamba tabia yake inabadilika nacho. Hakuwa na neno "homoni", lakini macho alikuwa nayo.

Crews alikuwa na hoja ya jumla inayokaribiana na hiyo. Alisema kwamba tunapotaja jinsi ya mnyama tunafunga mambo kadhaa katika furushi moja: kromosomu, tezi za uzazi, homoni, umbo la mwili, na tabia. Mara nyingi mambo haya huandamana, ndiyo maana hatuoni mshono. Reptilia hutuonyesha mshono ulipo.

Chukua nyoka wa Manitoba, nchini Kanada, wenye mabaka mekundu ubavuni. Hulala mashimoni kipindi chote cha baridi kali, miezi mingi. Majira ya kuchipua yakifika hutoka kwa maelfu, na madume humrundikia jike mmoja hadi wakawa fundo la nyoka. Ungedhani damu yao inachemka kwa testosteroni. Wapi! Wakati huo homoni hiyo iko chini, na mbegu wanazotumia zilitengenezwa majira ya joto yaliyopita. Kinachowaamsha ni ujoto unaofuata baridi ndefu. Hata dume aliyehasiwa huendelea kuchumbia. Kwa hiyo ile kanuni tuliyoikariri shuleni, kwamba homoni ikipanda ndipo hamu inapokuja, si sheria ya viumbe wote.

Zipo pia jamii ambazo jinsi haiamuliwi na kromosomu, bali na joto la kiota. Jambo hili liligunduliwa barani Afrika. Mwaka wa 1966, Madeleine Charnier akiwa Dakar, Senegal, aliripoti kuhusu mayai ya mjusi *Agama agama*, ndugu wa yule mwenye kichwa chekundu tunayemwona akiota jua miambani na kutikisa kichwa. Joto la mayai, alisema, ndilo lililokuwa likibadili idadi ya madume na majike. Wengi hawakumsikiliza kwa miaka kadhaa.

Crews na wanafunzi wake waliifuata njia hiyo kwa kobe wa maji baridi wa Marekani. Mayai yakiatamizwa kwa nyuzijoto 26 hutoka madume. Kwa 31 hutoka majike. Lakini ukipaka estrojeni juu ya ganda la yai lililo katika nyuzi 26, hutoka majike. Homoni, kwa maneno mengine, inafanya kazi ambayo ingefanywa na joto. Mwaka wa 1994 yeye na wenzake walionyesha kwamba baadhi ya kemikali za viwandani zinazochafua mazingira, zikipakwa kwenye ganda, huweza kufanya vivyo hivyo.

Hapa ndipo habari inapotoka maabara na kuja nyumbani. Kasa na ng'amba wanaotaga katika fukwe zetu, Watamu, Kiunga na kwingineko, ni miongoni mwa viumbe hawa. Mamba wa Ziwa Turkana ni vivyo hivyo, ingawa kipimo chake ni kingine. Kwa kasa, mchanga wenye joto zaidi huzaa majike, na ulio baridi huzaa madume. Mwaka wa 2018 watafiti walieleza kwamba katika fukwe za kaskazini mwa Great Barrier Reef, Australia, zaidi ya asilimia 99 ya kasa wachanga walikuwa majike. Mchanga umepata joto kupita kiasi. Majike hao hawana ujanja wa yule mjusi wa Marekani. Wao, pasipo dume, mayai yao hayaanguliwi.

Wanaolinda viota kwetu mara nyingi ni wavuvi na vijana wa vijijini. Huhamisha mayai ambayo maji kujaa yangeyafikia. Akiyafukia penye kivuli cha mvinje, au akiyafukia penye jua kali, amechagua, pengine bila kujua, madume au majike. Mtu huyo anahitaji kuelezwa jambo hili kwa lugha anayoifikiria, si kwa kipeperushi cha Kiingereza chenye picha ya kasa. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lakini sayansi bado tunaifundisha kwa Kiingereza, kisha tunamshangaa mwanakijiji kwamba hajaelewa.

Kwa hivyo nilimpigia mwalimu tena, nikakiri. Nikamwambia "uzazi-pweke" tuliache. Akaniuliza kama "uzazi wa mzazi mmoja" lingefaa, maana ndilo Kilatini *uniparens* linalosema. Nikacheka. Kwetu mzazi mmoja ni mama aliyeachiwa watoto na karo, na darasa zima lingeanza kumhurumia mjusi. Tukakubaliana na neno la kawaida kabisa: uzazi bila dume. Linasema kisichokuwapo, halidai lolote zaidi, na linamwachia mwanafunzi nafasi ya kuuliza: kama dume hayupo, mwenziwe anamfanyia nini?

Limebaki la pili, ambalo sisi wawili tumeshindwa kulimaliza. Jinsi inayoamuliwa na joto la kiota tuiteje? Yeye anapendekeza "jinsi-joto". Mimi nina wasiwasi, maana nimeshateleza mara moja. Ningependa kwanza kuwasikia wale wanaochimba mchanga kwa mikono yao. Wewe msomaji uliye Lamu, Kilifi au Kwale, ukitia mkono katika kiota cha kasa na kukuta mchanga wa moto, mnasemaje huko kwenu?