Stesheni ya Pittsburgh na Usiku wa Kura

Wasikilizaji, watu wengi hudhani ya kuwa redio ilibuniwa tangu mwanzo ili kuwaletea watu habari na nyimbo majumbani. Sivyo. Hapo kwanza simu ya upepo ilikuwa ya mtu kusema na mwenzake, kama vile meli baharini na watu wa pwani. Mtu wa tatu akisikia, alikuwa mdukizi tu.

Katika mji wa Pittsburgh, Marekani, palikuwa na fundi wa kampuni ya Westinghouse, Bwana Frank Conrad. Hakusoma sana shuleni, lakini mikono yake ilikuwa na akili. Nyumbani kwake, juu ya banda la motokaa, alikuwa na mtambo wa kusemea na mafundi wenziwe. Alipochoka kunena, akapiga gramafoni mbele ya mtambo. Watu wakamwandikia barua wakitaka nyimbo zaidi. Mwezi wa Septemba, 1920, duka moja likatangaza gazetini vyombo vya kusikilizia kwa dola 10. Bwana Harry Davis, mmoja wa wakubwa wa kampuni, alipolisoma tangazo hilo akatambua ya kuwa wanunuzi hao si mafundi, ni wasikilizaji. Nao watazidi, ikiwa kila jioni liko la kusikia.

Basi wakajenga kibanda juu ya paa la kiwanda, wakatia mtambo wa wati 100. Tarehe 2 Novemba, 1920, ilikuwa siku ya kumchagua Rais, Harding akishindana na Cox. Hesabu za kura zikaletwa kwa simu kutoka ofisi ya gazeti, na Bwana Leo Rosenberg akazisoma. Conrad hakuwapo, alikaa nyumbani kando ya mtambo wake, ili ule wa kiwandani ukiharibika, ashike yeye. Haukuharibika. Rosenberg aliwaomba waliomsikia wapeleke habari, maana alisema na giza, asijue ni nani anayemsikia. Nao waliomsikia walijua usiku ule ule ya kuwa Harding ameshinda, wala hawakungoja gazeti la asubuhi.

Sauti huchukuliwaje? Mtambo hutoa wimbi la umeme lisilosikika, na sauti ya msemaji hulikuza na kulipunguza nguvu. Chombo cha msikilizaji hulipokea, kikaliondoa wimbi na kuibakiza sauti. Mchana wimbi hili hufuata uso wa nchi. Usiku hurudishwa na tabaka iliyo juu sana angani, likafika mbali kupita kiasi cha mchana.

Stesheni hiyo ndiyo KDKA. Mwezi wa Januari, 1921, ilitangaza ibada kutoka kanisani, na mafundi wakavikwa kanzu za waimbaji ili waumini wasiwatazame wao. Nguvu yake ilipanda hata wati 50,000, na tangu 1992 kazi yake kubwa ni habari na mazungumzo.