Useremala wa nyumbani Kisesa: anza na ubao mkavu

MKULIMA anayejua kuchagua mti wa mpini wa jembe tayari ana sehemu ya elimu ya useremala. Anatazama kama nyuzi za mti zimenyooka toka mwanzo hadi mwisho, anakwepa fundo, kisha anauacha mti ukauke kivulini kabla ya kuuchomeka kwenye jembe. Akipuuza hayo, mpini hulegea au huvunjika katikati ya palizi.

Elimu hiyo hiyo ndiyo inayohitajika kwa mtu anayetaka kuanza useremala nyumbani, kwa kujifurahisha na kwa manufaa ya familia yake. Kisesa, mji mdogo wa Wilaya ya Magu ulio kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, una nafasi nzuri kwa kazi hiyo. Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni, kazi za shamba hupungua, na hewa kavu ya miezi hiyo ndiyo inayokausha mbao.

Hata hivyo, anayeanza anaweza kupoteza fedha kwa njia mbili: kununua mbao mbichi, na kununua vifaa vingi kabla ya kujua kazi yake. Njia zote mbili zinaweza kuepukwa.

Mfano upo Bujora

Kazi ya mti si ngeni Kisesa. Katika Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo Bujora, yaliyoanzishwa na Padri David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, kuna ngoma na vifaa vya watemi vilivyochongwa kwa mkono. Jengo linalohifadhi vifaa vya utemi lenyewe limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi.

Anayeanza akipita hapo atazame jinsi vyombo hivyo vilivyotengenezwa. Ngoma na kigoda cha kuchonga hutolewa kwenye gogo moja, hivyo havina maungio ya kulegea. Ubaya wake ni kwamba gogo likikauka haraka hupasuka, hasa likiachwa na kiini chake. Kiti cha mbao hutumia mti kidogo zaidi, lakini uhai wake unategemea maungio, na maungio yanategemea ukavu wa mbao.

Mbao zitoke wapi?

Sehemu kubwa ya Usukuma haina misitu minene ya mbao. Miti mingi ilikatwa zamani kwa ajili ya mashamba, malisho na kufukuza mbung'o, na ndiyo maana mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulianzishwa mwaka 1986 kurudisha miti, ukitumia utaratibu wa asili wa ngitili. Kwa sababu hiyo, mbao zinazouzwa Kanda ya Ziwa hutoka mashamba ya miti kama Buhindi na Rubya, au husafirishwa kutoka mikoa ya mbali.

Kwa anayeanza, msonobari unafaa kwa kuwa ni laini na unakatika vizuri kwa msumeno wa mkono. Mgrevilia uliopandwa kwenye mpaka wa shamba nao unafaa. Mninga ni bora zaidi na haupindi ovyo, lakini ni ghali. Ni vema kuuacha hadi mikono izoee.

Mnunuzi pia aulize mbao zimetoka wapi. Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 inataka mazao ya misitu yavunwe kwa kibali na yasafirishwe yakiwa na hati. Mbao za bei ya chini sana zisizo na karatasi zinaweza kukamatwa zikiwa njiani au zikiwa nyumbani kwa mnunuzi.

Pima kama unavyopima pamba

Ubao mbichi hupungua upana unapokauka, lakini urefu wake hubaki karibu ule ule. Ubao mbichi wenye upana wa sentimeta 30 unaweza kupungua kwa sentimeta moja au zaidi. Kiti kilichoungwa vizuri mwezi Aprili kwa mbao mbichi huanza kuyumba mwezi Agosti, na hapo fundi hulaumiwa bure.

Njia rahisi ya kujua ukavu ni mizani. Chukua ubao mmoja, upime, andika uzito na tarehe kwa penseli juu yake, kisha uupime tena kila wiki. Uzito ukishuka, maji bado yanatoka. Uzito ukibaki ule ule kwa wiki tatu mfululizo wakati wa kiangazi, ubao uko tayari.

Anayetaka hesabu kamili akate kipande kidogo katikati ya ubao, si kwenye ncha, akipime, akikaushe taratibu karibu na jiko bila kukiunguza hadi uzito usishuke tena. Kipande cha gramu 200 kikibaki gramu 160, maji yaliyotoka ni gramu 40. Gawanya 40 kwa 160, jibu ni asilimia 25. Ubao huo bado ni mbichi kwa samani. Ukavu unaofaa ni kati ya asilimia 12 na 15.

Wakati wa kukausha, mbao zipangwe kivulini juu ya matofali, zisiguse ardhi. Kati ya ubao na ubao ziwekwe fito nyembamba za unene wa inchi moja, kila baada ya futi mbili, na fito za juu zikae sawasawa na za chini. Juu kabisa uwekwe uzito ili mbao zisipinde. Ncha zipakwe rangi, kwa kuwa hukauka haraka na kupasuka kabla ya sehemu nyingine.

Vifaa vya kuanzia

Vifaa vya mwanzo si vingi: msumeno wa mkono, patasi moja ya nusu inchi, nyundo, tepu, skwea ya kupimia pembe, jiwe la kunolea na msasa. Randa inaweza kusubiri, kwa kuwa mbao zinaweza kupigwa randa kwa fundi wa mtaani kwa malipo kidogo. Meza imara inatosha kuwa benchi.

Patasi butu huhitaji nguvu nyingi, nayo huteleza na kukata mkono. Inolewe kila inapoanza kukwama, na mkono unaoshika mti ukae nyuma ya makali siku zote.

Vumbi nalo si la kudharau. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kazi ya msasa ifanyike nje, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa, na watoto wakae mbali. Mabaki ya nguzo zilizotiwa dawa yasitumike kupikia, kwa kuwa moshi na majivu yake vinaweza kuwa na sumu.

Kazi ya kwanza: kigoda

Ubao mmoja wa inchi 1 kwa 8 wenye urefu wa futi 12 unatoa vigoda viwili. Kila kigoda kinahitaji sehemu ya kukalia ya inchi 18, miguu miwili ya ubao ya inchi 14 kila mmoja, na kipande cha inchi 13 cha kuunganisha miguu. Jumla ni inchi 59. Vigoda viwili huchukua inchi 118 kati ya 144, na zinazobaki ni za kufanyia mazoezi ya kukata kabla ya kugusa kazi yenyewe.

Kipande cha kuunganisha kipunguzwe upana hadi inchi tatu. Kila ncha ichongwe ulimi wa urefu wa inchi moja, unaoingia kwenye tundu lililotobolewa kwa patasi katika mguu. Ulimi uingie kwa kugongwa kidogo. Ukiingia wenyewe umelegea, ukihitaji kupigwa sana utapasua mguu. Kisha paka gundi, funga kwa kamba na uache hadi kesho yake kabla ya kupigilia sehemu ya kukalia.

Miguu ikatwe ili nyuzi zake zisimame wima. Kwa njia hiyo, miguu na sehemu ya kukalia vikipungua upana, vitapungua kwa pamoja na kigoda hakitapasuka. Mwisho piga msasa na paka nta ya nyuki iliyoyeyushwa au vanishi.

Kutoka kigodani mtu anaweza kwenda kwenye kiota cha kuku cha sentimeta 30 kila upande, rafu ya duka, au mzinga wa nyuki. Anayetaka kufundishwa zaidi anaweza kuuliza kozi za useremala katika chuo cha VETA kilichopo Nyakato, jijini Mwanza. Anayefikia hatua ya kuuza ajue kuwa hiyo sasa ni biashara, na aulize ofisi ya halmashauri kuhusu leseni.

Lakini kabla ya kununua kifaa kingine chochote, kigoda cha kwanza kikae nyumbani na kikaliwe msimu mzima wa mvua na kiangazi kinachofuata. Kama baada ya hapo hakiyumbi, mbao zilikuwa kavu na ulimi ulikaa vizuri. Kama kinayumba, kifunguliwe, mwenyewe aone kosa liko wapi, na gharama ya somo hilo itakuwa nusu ya ubao.