Pingili za Baharini

Tumbawe hudhaniwa kuwa jiwe, na lenye rangi kali hudhaniwa kuwa ua, lakini ni mnyama; kwa usahihi zaidi, ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipu, walioshikamana wakaishi kama mwili mmoja. Kila polipu ina mdomo uliozungukwa na minyiri, na matumbawe magumu hujijengea mifupa ya chokaa kutokana na kalsiamu iliyomo majini. Ndani ya nyama zao huishi mwani wa seli moja, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa. Kwa kuwa polipu moja huweza kuzaa kundi zima, tawi lililovunjwa na wimbi si lazima life. Likiangukia mahali pagumu penye mwanga, hushika na kuota upya, kama inavyoota pingili ya muhogo.

Tabia hiyo ndiyo msingi wa ufugaji wa matumbawe katika matangi ya kioo, burudani yenye wapenzi wengi Marekani na Ulaya. Chanzo chake kimoja kiko Jakarta. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa mji huo alieleza katika jarida la wafugaji wa samaki jinsi alivyotegemea mawe yaliyotolewa baharini na mapovu ya hewa. Mawe hayo yamejaa bakteria wanaosafisha maji, kwa hiyo alidharau vichujio vikubwa vya wakati ule. Baadaye wafugaji wa Ujerumani, hasa wa Berlin, waliongeza taa kali na mtambo unaokusanya uchafu kwa povu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 njia hiyo ilienea Amerika Kaskazini, na matumbawe magumu, ambayo awali yalikufa upesi, yakaanza kukua majumbani.

Hata leo kazi inadai uangalifu. Joto la maji huwekwa kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi, chumvi karibu gramu 35 kwa kila kilo ya maji, na kalsiamu kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita. Tumbawe huvumilia zaidi kiwango kisicho kamilifu kuliko kiwango kinachopandashuka kila siku.

Tumbawe likistawi, huanza kuwabana majirani zake, na mengine huwachoma kwa minyiri. Hapo mfugaji hulazimika kupogoa. Matawi ya matumbawe ya Acropora hukatwa kwa koleo la kukatia mifupa, na yale mazito kama jiwe hupasuliwa kwa msumeno wenye makali ya almasi. Kila kipande hubandikwa kwa supaglu juu ya kitako kidogo cha kauri. Baada ya wiki kadhaa kidonda hupona na nyama hutambaa juu ya kitako. Mkataji hutakiwa kuvaa glavu na miwani, kwa sababu baadhi ya jamaa wa matumbawe, hasa Palythoa, wana palitoksini, mojawapo ya sumu kali kabisa zinazotoka baharini. Kuchemsha mawe yenye viumbe hao ni hatari zaidi, kwani mvuke wake umewahi kuwalaza watu hospitalini.

Vipande hivyo ndivyo sarafu ya wafugaji. Vyama vyao vya miji hukodi ukumbi wa shule, kanisa au hoteli, wanachama wakaleta beseni za maji na taa, kisha wakabadilishana au kuuziana. Kipande cha aina ya kawaida hupatikana kwa dola 10 au 20. Cha rangi adimu hufika mamia ya dola, ingawa hakizidi ukucha wa kidole gumba. Aina zinazosifika hupewa majina ya kuvutia, na wanunuzi huuliza nasaba ya kipande: kilikatwa kwa nani, naye alikipata wapi.

Kugawa nako ni bima. Umeme ukikatika usiku, pampu zikasimama, oksijeni huisha na kazi ya miaka kumi huweza kuharibika kabla ya asubuhi. Aliyewagawia wenzake vipande hurudi kwao kuomba mbegu, na aliyemnyima kila mtu hupoteza aina hiyo moja kwa moja. Ndiyo maana wafugaji wenye uzoefu hutoa bure vipande vya aina wanazozipenda kuliko zote.

Katikati ya mzunguko huu lipo duka la samaki la mtaani. Mfugaji huja na vipande vyake, mwenye duka huvipokea na kumwandikia thamani yake, naye mfugaji huitumia kuchukulia chakula, chumvi au samaki. Thamani hiyo kwa kawaida huzidi fedha taslimu ambazo angelipwa, lakini pande zote mbili hunufaika: duka hupata matumbawe yaliyokwisha kuzoea maisha ya tangi bila gharama ya kuyasafirisha kwa ndege, na mfugaji hupunguza mzigo wa matumizi. Duka huuza pia maji yaliyochujwa mpaka yakabaki bila madini, kwa sababu maji ya bomba huweza kuwa na klorini au shaba, na shaba kidogo tu huua wanyama wasio na uti wa mgongo.

Maduka hayo yamebanwa na wauzaji wa mtandaoni, ambao huuza taa na pampu kwa bei ndogo bila kulipa kodi ya chumba chenye matangi yanayotumia umeme mchana na usiku. Kilichobaki mikononi mwa duka ni viumbe hai na ushauri. Mnunuzi humwona samaki akila kabla ya kumlipia, na anayeanza huambiwa asubiri wiki kadhaa bakteria waenee ndipo aweke mnyama wa kwanza. Wanachama wengi wa vyama hununua hapo kwa makusudi, hata bei ikizidi kidogo, ili duka lisifungwe.

Biashara ya kubadilishana ina hatari yake, kwani wadudu husafiri pamoja na vipande. Minyoo bapa hula Acropora, konokono wasio na gamba hula matumbawe ya Montipora, na Aiptasia, jamaa wa matumbawe anayezaana kama magugu, hujaza tangi. Kwa hiyo kipande kipya huchovywa kwenye dawa, hukaguliwa mayai, kisha huwekwa peke yake kwa wiki kadhaa.

Vipande vya kukatwa nyumbani vimepunguza utegemezi wa bahari, lakini havijaumaliza. Matumbawe yote magumu yako katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo hayavuki mpaka bila kibali. Mwaka 2018 Indonesia, mojawapo ya wauzaji wakuu, ilisimamisha kwa muda usafirishaji wa matumbawe nje ya nchi. Vipande vya wafugaji vikazidi kutafutwa. Pwani ya Afrika Mashariki imo katika biashara hii kwa upande wa samaki: wapiga mbizi wa Kenya huwakamata samaki wa rangi wakiwa hai kwa ajili ya soko la nje.

Kinachotoka kwenye tangi hakipaswi kurudishwa baharini, kwa kuwa huweza kubeba magonjwa au kuwa mvamizi. Samaki simba, wenye miiba ya sumu na asili ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, walionekana Florida mwaka 1985, na inaaminika waliachiliwa na wafugaji. Leo wameenea Karibi nzima. Utaalamu wa kukata, hata hivyo, hutumika baharini kwenyewe. Huko Wasini, kusini mwa pwani ya Kenya, vipande vya matumbawe ya hapo hapo huoteshwa kwenye vitalu chini ya maji, kisha huhamishiwa kwenye miamba iliyoharibika.