Usikubali kisanduku cheupe kikuharibie kazi

IKIWA unajitafutia riziki kwa kubuni nembo, mabango na tisheti, bila shaka unakijua kile kisanduku cheupe. Mchoro unapendeza sana kwenye skrini, lakini ukichapishwa juu ya tisheti nyeusi unatokea umezungukwa na fremu nyeupe kama stempu. Mteja anakataa kulipa, tisheti zishachapishwa, na hasara inabaki kwako.

Wasee wengi humrukia mchapishaji. Hata hivyo, mara nyingi kosa huwa lilifanyika mapema, wakati wa kutayarisha na kuhifadhi picha.

Tatizo la pili ni mistari yenyewe. Jijini Nairobi macho yetu yamezoea kazi ya mkono: michoro ya nganya, vichwa vilivyochorwa kwenye kuta za vinyozi, maandishi ya brashi kwenye vibanda. Mteja akikuambia anataka nembo yenye sura hiyo, mstari wa kawaida wa tarakilishi hautamridhisha kwa sababu una unene mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Uchunguze mstari wa fundi wa brashi. Unaanza mwembamba, unanenepa pale mkono ulipokaza, unayumba kidogo kwenye kona, kisha unaisha kwa ncha. Mambo hayo matatu, yaani unene unaobadilika, mtikisiko na ncha, ndiyo humfanya mtu aamini kwamba kuna mkono uliopita hapo.

Unaweza kuyapata ukitumia Inkscape, programu ya bure iliyoanza mwaka wa 2003. Chora mstari wako kwa kifaa cha penseli, kisha ufungue sehemu ya Path Effects. Humo mna Power Stroke, ambayo hukuwezesha kuvuta mstari unenepe au ukonde popote unapotaka. Mna pia Roughen, inayokwaruza ukingo ili usiwe laini mno. Itumie kama chumvi: ukizidisha, mchoro utaonekana kama umetafunwa na panya.

Njia nyingine ni kurudi kwenye karatasi. Chora kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe, kisha uipige picha kwa simu mchana karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa imelala sambamba na karatasi. Ifungue picha hiyo katika GIMP, ambayo pia ni ya bure, na utumie amri ya Levels hadi karatasi iwe nyeupe kabisa na wino uwe mweusi kabisa.

Sasa inabaki kuiondoa ile karatasi, na hapa ndipo wengi huteleza. Wao hubofya sehemu nyeupe, wakaifuta, wakadhani wamemaliza. Wakiweka mchoro juu ya rangi nyekundu au ya buluu, wanaona ukungu mweupe umeng'ang'ania kandokando ya kila mstari.

Ukungu huo unatokana na pikseli za ukingoni. Hizo si nyeusi wala nyeupe. Ni za kijivu, mchanganyiko wa wino na karatasi. Ukifuta nyeupe pekee, zile za kijivu zinabaki na weupe wake.

Dawa yake katika GIMP ni amri ya Color to Alpha, iliyo kwenye menyu ya Colors. Amri hii haifuti tu. Hupima kila pikseli ina weupe kiasi gani na kuipa uwazi wa kiasi hichohicho. Iliyokuwa ya kijivu inageuka kuwa nyeusi yenye uwazi nusu, hivyo itachanganyika na rangi yoyote itakayowekwa chini yake.

Lakini chunga, kwani nyeupe yote huondoka, yakiwemo meno na macho ya mhusika wako. Ongeza tabaka jipya chini ya mchoro kisha upake nyeupe sehemu hizo. Vilevile, mstari mweusi hautaonekana kwenye tisheti nyeusi. Washa Lock Alpha Channel kwenye tabaka la mchoro, kisha upake njano au nyeupe. Rangi itakaa kwenye mistari pekee.

Baada ya hapo, hifadhi kazi kama PNG. JPEG haina uwezo wa kubeba uwazi, hivyo ukiitumia, sehemu iliyokuwa wazi itajazwa rangi, mara nyingi nyeupe, na kisanduku chetu kitarudi. GIF nayo inajua mambo mawili tu: pikseli ionekane au isionekane. PNG, iliyoidhinishwa mwaka wa 1996, inaweza kuwa na viwango 256 vya uwazi, na ndiyo maana kingo zake hutoka safi.

Isitoshe, faili inaweza kuharibikia njiani. Ukimtumia mchapishaji kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, itabanwa na uwazi utapotea. Itume kama dokumenti.

Angalia ukubwa pia. Mchoro wa upana wa sentimita 25 unaochapishwa kwa pikseli 300 kwa kila inchi unahitaji upana wa karibu pikseli 3,000. Kama kazi ni ya bango kubwa, upeleke Inkscape na utumie Trace Bitmap kuugeuza kuwa vekta, kisha uukuze upendavyo bila kuchujuka.

Pia usidanganywe na picha za mtandaoni zenye miraba midogo ya kijivu na nyeupe. Nyingine miraba hiyo ni sehemu ya picha yenyewe, wala hazina uwazi wowote.

Kabla ya kutuma kazi yoyote, weka tabaka jeusi chini ya mchoro, kisha jekundu, na uukuze uone kingo zake. Ni shughuli ya dakika moja. Mwisho, hifadhi faili asili ya XCF yenye matabaka yote, kwa sababu mteja aliyependa tisheti nyeusi mwezi huu huenda mwezi ujao akarudi akitaka nyeupe.