Kamera Isiyokula Betri

Baba mdogo aliipenda mno kamera yake, na mapenzi hayo nusura yaiue. Kila sherehe ilipokwisha aliifuta, akaitia katika mkoba wake wa ngozi, akauviringisha mkoba kwa mfuko wa plastiki mara mbili, akaukaza kwa mpira, kisha akaufungia ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Sisi watoto tulikatazwa hata kuligusa sanduku. Miaka ilipita. Siku nilipolifungua mwenyewe, hapo hapo nyumbani kwetu Kapalata, Kisangani, mkoba ulikuwa umeota koga la kijani. Nilipoielekeza lenzi dirishani nikaona ndani ya kioo kitu kama utando wa buibui: nyuzi nyeupe, nyembamba, zimetoka ukingoni na kugawanyika kuelekea katikati, mfano wa mito kwenye ramani ya mkoa wetu wa Tshopo. Halikuwa vumbi. Kilikuwa kiumbe hai, kimekaa humo na kula.

Kamera yenyewe ni Olympus Trip 35, chombo cha Kijapani kinachoingia kwenye mfuko wa koti. Ilianza kuuzwa mwaka 1967, ikaendelea hadi 1984, na kwa hesabu ya kampuni zilitoka zaidi ya milioni 10. Imesambaa dunia nzima, na sababu mojawapo ni kwamba haina betri hata moja. Ukiitazama usoni utaona lenzi imezungukwa na pete ya kioo chenye vijivimbe vingi vidogo, kama jicho la nzi. Nyuma ya pete hiyo kuna seleni, madini yanayotoa umeme kidogo yanapopigwa na mwanga. Umeme huo hautoshi kuwasha hata taa ndogo kabisa, lakini unatosha kusukuma sindano nyepesi iliyomo ndani. Mwanga ukiwa mkali sindano inakwenda mbali, ukiwa hafifu inabaki karibu. Unapobonyeza kitufe, meno ya chuma yanaibana sindano pale pale ilipofika, na mahali ilipobanwa ndipo panapoamua tundu la lenzi lifunguke kiasi gani na shata ipite kwa kasi ipi kati ya mbili: sehemu moja ya 40 ya sekunde, au moja ya 200.

Na giza likizidi? Kamera inakataa. Kitufe kinagoma, na ndani ya dirisha la kutazamia kinainuka kibendera chekundu. Baba mdogo alikuwa akisema, "Imeona haya." Kibendera hicho ndicho kipimo cha kwanza kwa yeyote anayenunua kamera hii sokoni. Ziba pete yote kwa kiganja, bonyeza: bendera ikiinuka na shata ikakataa, kisha ukatoka juani na shata ikakubali, jicho lingali zima. Ikikataa hata juani, seleni imekufa; ikipiga hata gizani, mfumo wa sindano umekwama. Ndiyo maana pia huwezi kuharibu filamu kwa kusahau kifuniko, kwa sababu kifuniko kinaziba lenzi na pete pamoja.

Sasa turudi kwa yule mlaji. Kisangani iko nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta, kwenye kona kati ya mto Tshopo na mto Kongo, na msitu umetuzunguka pande zote. Joto linacheza karibu na nyuzi 25 mwaka mzima, na unyevu wa hewa mara nyingi unapita asilimia 80. Kuvu wa lenzi wanaanza kuwa na raha unyevu ukipita takriban asilimia 60 na kubaki hapo. Mbegu zao zimo hewani kila mahali, na nyingine zilishaingia ndani ya kamera tangu kiwandani. Zinangoja mambo matatu tu: unyevu, giza, na hewa isiyotembea. Chakula chao ni mafuta ya vidole, vumbi, mabaki ya vilainishi. Wakishiba wanatoa asidi, na asidi hiyo inachimba rangi nyembamba iliyopakwa juu ya kioo, halafu kioo chenyewe. Kuvu ukimfuta mapema unabaki na lenzi safi. Ukichelewa, mwili wake unaondoka lakini alama zake zimechorwa humo milele.

Tazama basi alichokifanya baba mdogo kwa nia njema. Ngozi inafyonza unyevu kama sifongo. Plastiki inauzuia usitoke. Sanduku linaleta giza, na kitanda juu yake kinazuia upepo. Kama angetaka kufuga kuvu asingepata zizi bora zaidi. Angeiacha kamera ukutani, juu ya msumari, mahali penye hewa na mbali na jiko, ingekuwa na heri kuliko humo sandukuni.

Mimi nimeacha kabisa mkoba wa ngozi. Kamera yangu inalala katika chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, cha kuwekea chakula, pamoja na vifuko vya silika jeli: zile punje unazozikuta kwenye maboksi ya viatu na ambazo watu wengi wanazitupa. Zikusanye. Zikishashiba maji, mimina punje kwenye kikaango kikuukuu kisichopikiwa tena, zipashe juu ya makaa yenye moto mdogo, zipoe, uzirudishe ndani ya kitambaa. Zile za rangi ya buluu usizipashe namna hiyo, wala watoto wasizichezee, maana rangi yake ina kobalti ambayo ni sumu. Mchele mkavu uliokaangwa unasaidia kidogo, lakini unga wake unaingia kwenye viungo vya kamera, kwa hiyo mimi siutumii. Na mara moja kwa wiki, filamu iwemo au isiwemo, naitoa, kama haina filamu nafungua mlango wa nyuma na kubonyeza shata mara kumi hivi, naiacha ipate hewa na mwanga wa dirishani. Siianiki juani ikitazama juu. Jua la saa sita hapa linaweza kuyeyusha vilainishi vikatambaa hadi kwenye vibati vya shata, na vibati vikishikwa na mafuta vinagandana. Lenzi nayo ni kioo cha kukusanya mwanga: kile kinachowasha karatasi kinaunguza pia ndani ya kamera. Kwa sababu hiyo hiyo usilitazame jua kupitia dirisha la kamera yoyote.

Mlango wa nyuma una jambo lake. Ukingoni mwake kuna sponji nyeusi ya kuzuia mwanga, na sponji hiyo katika joto letu inageuka lami. Ukiigusa inaganda kidoleni. Ikifikia hapo mwanga unapenya, na picha zinatoka na michirizi ya rangi ya chungwa. Ikwangue taratibu kwa kijiti kilicholowana spiriti, lami isiangukie ndani, kisha ulaze uzi mweusi wa sufi kwenye mfereji. Kazi ya nusu saa. Lenzi, kwa upande mwingine, ina kanuni moja: puliza kwanza, futa baadaye. Vumbi jekundu linalorushwa na pikipiki na toleka, zile teksi za baiskeli, barabarani ni mchanga uliosagika, na mchanga ni mgumu kama kioo. Ukisugua kwa upindo wa shati bila kupuliza, unapiga msasa. Kuvu aliyeingia katikati ya vioo mwachie fundi. Pete ya mbele ikifunguliwa na kurudishwa si mahali pake, picha zote zitakuwa na kiwi.

Kutia filamu kunataka kivuli, hata kama ni kivuli cha mwili wako mwenyewe ukiwa umelipa jua mgongo. Chomeka ulimi wa filamu kwenye mhimili, sogeza hadi meno yaingie kwenye matundu, funga. Halafu angalia kitu ambacho wengi hawakiangalii: kile kifundo cha kurudishia filamu, upande wa kushoto juu. Unapozungusha gurudumu la kusogeza, kifundo hicho lazima kizunguke nacho. Kisipozunguka, filamu imechomoka, na utapiga harusi nzima juu ya hewa tupu. Nimewahi kuifanya dhambi hiyo kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani. Mama wa mtoto hakunilaumu hata kwa neno moja, na hadi leo nikimwona natafuta pa kuweka uso.

Umbali unaupima kwa alama nne zilizo kwenye pete ya lenzi: kichwa kimoja, watu wawili, kundi, na mlima. Kisangani hatuna mlima. Mlima wetu ni ng'ambo ya mto, ni miti ya wavuvi Wagenia iliyosimamishwa kwenye maporomoko na mitego ikining'inia, ni chochote kilicho mbali kuliko mtu unayeweza kumwita bila kupaza sauti.

Jambo linaloniuma zaidi kuliko kuvu ni nyuso. Albamu ngapi za familia zetu zina ukuta mweupe uliotoka vizuri sana na bibi arusi ambaye uso wake ni kivuli tu? Kosa si la bibi arusi. Jicho la seleni linapima mwanga wa eneo zima na kuchukua wastani wake. Likiona ukuta wa chokaa au anga nyeupe ya mawingu, linadhani mwanga ni mwingi, linabana tundu, na ngozi nyeusi inazama. Dawa ni rahisi. Kama filamu yako ni ya 400, geuza namba ya kamera iwe 200: umeidanganya, itaruhusu mwanga maradufu. Filamu ya negativu inavumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Au msogeze mtu hadi chini ya mwembe, mbali na ukuta. Saa sita mchana jua linasimama utosini na kuchimba mashimo machoni, kwa hiyo ngoja saa kumi.

Usiku au ndani ya nyumba unahitaji fleshi, na hapa ndipo penye hatari ya kweli. Trip 35 inachomekewa fleshi ya pembeni. Kamera ndogo zilizokuja baadaye zimeificha tumboni: Konica C35 EF ya mwaka 1975 ni mojawapo ya zile za mwanzo zilizouzwa na fleshi ndani yake, na ndugu yake C35 AF ya 1977 ikaanza kujitafutia umbali yenyewe. Zote zinafanya jambo moja. Betri mbili ndogo zina volti 3 tu, lakini saketi inazipandisha hadi kama 300 na kuzirundika ndani ya kapasita. Ule mluzi mwembamba unaousikia ukipanda ni sauti ya kurundika huko. Unapopiga, rundo lote linamwagwa ndani ya mrija wa gesi ya zenoni katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ukitoa betri, rundo halitoki. Linaweza kukaa humo saa nyingi, hata siku.

Nililijua hilo kwa mkono. Nilikuwa na miaka kama kumi na mitatu, nimeokota fleshi mbovu isiyo na betri, nikaifungua kwa kisu. Kidole gumba kiligusa nyaya mbili. Sikumbuki sauti, nakumbuka kisu kilikuwa upande wa pili wa chumba na mkono ulikuwa wa mtu mwingine hadi jioni. Kwa mtu mwenye moyo dhaifu pigo kama hilo linaweza kuua. Kamera yenye fleshi haifunguliwi nyumbani, iwe na betri au isiwe nazo, na mtoto asipewe mbovu kuwa mchezo. Usimpige mtoto mchanga fleshi karibu na macho. Betri zenyewe zitoe kila unapomaliza kazi. Za alkalini zikivuja zinatoa unga mweupe unaochoma ngozi. Ufute kwa pamba yenye siki kidogo, kausha, nawa mikono.

Filamu iliyopigwa isikae. Picha ipo humo, lakini haionekani bado, nayo inafifia kwa joto, na jeli inayoishikilia ni chakula cha kuvu vilevile. Ambayo haijatumika iweke kwenye friji ndani ya kopo lililofungwa, na ukiitoa, iache saa mbili bila kufungua, la sivyo itatoka jasho. Kusafisha nyeusi na nyeupe, vitabu vinasema maji yawe nyuzi 20. Maji yetu ya bomba hayajui baridi hiyo, kwa hiyo punguza muda: dakika 10 za nyuzi 20 zinakuwa karibu 7 kwa nyuzi 24. Rangi inataka nyuzi 38, hivyo hapo joto la Kisangani linakusaidia. Dawa hizo kamwe usizitie katika chupa ya soda au ya maji. Kiu ya mtoto haisomi maandishi.

Wengine walivumilia hali ngumu kuliko yetu. Kati ya 1909 na 1915 Herbert Lang, akiwa na James Chapin, alizunguka misitu ya kaskazini-mashariki ya Kongo kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, akarudi na negativu karibu 10,000. Lakini ninayempenda ni Jean Depara. Mwaka 1950 alinunua kamera ndogo ya Adox apige picha za harusi yake tu. Hakuiweka sandukuni. Miaka michache baadaye alikuwa mpiga picha wa mwanamuziki Franco, na usiku wa Kinshasa tunaouona leo katika picha zake umepitia mikononi mwake.

Ya kwetu hapa: Kapalata ina kambi ya jeshi, na kamera isielekezwe huko, wala darajani wala uwanja wa ndege. Kwa mtu, omba kwanza. Mzee akikataa, ifunike lenzi mbele ya macho yake, aone.

Lenzi ya baba mdogo fundi aliisafisha. Imebaki na kovu dogo ukingoni, na taa zikiwa mbele yake zinatoa ukungu mwepesi. Jana jioni nilimketisha barazani nikampiga, pete ya umbali ikiwa kwenye kichwa kimoja. Mara ya kwanza bendera iliinuka, wingu lilikuwa limepita. Tulingoja wote wawili kimya. Akaniuliza, "Bado inaona haya?" Jua likarudi, shata ikalia. Ni picha ya 12. Zimebaki 24.