Mtoto Asiyeinama
Kifua kikuu cha mgongo: kisu au dawa?



Darasani mwetu alikuwamo mtoto wa miaka tisa ambaye hakuinama kamwe. Chaki ikianguka, alishuka polepole kwa kukunja magoti, mgongo umenyooka kama mlingoti, mkono mmoja umeshika paja. Akaiokota, akainuka vile vile. Wenzake walimcheka, nasi tulidhani ni mchezo. Tulipokuja kusikia kwamba usiku hutokwa na jasho na kulia kwa maumivu, na kwamba mfupa mmoja umeanza kutokeza katikati ya mgongo, miezi mingi ilikuwa imekwisha kupita.

Hospitalini daktari alitambua kifua kikuu cha mgongo. Akaagiza vidonge, akamweleza baba ya mtoto kwamba hakuna haja ya kumpasua. Jioni ile baba akatujia, uso umekunjamana.

"Mwalimu," akasema, "mtoto wa tajiri angalipasuliwa. Wangu amepewa vidonge tu kwa sababu mimi ni mkulima."

Neno hilo twataka kulijibu hapa, kwa kuwa wazazi wengi hufikiri kama yeye.

Ugonjwa wenyewe

Kijidudu cha kifua kikuu hakikai mapafuni tu. Chaweza kuchukuliwa na damu hata kufika katika pingili za uti wa mgongo. Huko huila mifupa kidogo kidogo, mpaka pingili zabonyea upande wa mbele na mgongo wapinda: ndicho kibiongo. Katikati ya pingili hizo hupita ugwe mgongo, ile kamba ya fahamu iletayo nguvu miguuni. Usaha au mfupa uliobomoka ukiigandamiza, miguu hulegea, na mwisho yaweza kupooza.

Percivall Pott, mpasuaji wa London, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779. Hakukijua kijidudu chake. Hicho kilitambuliwa na Robert Koch mwaka 1882. Basi si laana, wala si kazi ya jirani mwenye kijicho.

Zamani, kabla ya dawa, wagonjwa walilazwa chali miezi na miaka, wengine wamefungwa katika plasta. Ilipopatikana streptomisini mwaka 1943, kisha isoniazidi mwaka 1952, madaktari wakaulizana: je, kitanda, plasta na kisu vingali vya lazima?

Swali lapimwa

Katika miaka ya 1960 watafiti wa Uingereza na wenzao wa nchi mbalimbali walianza kulipima swali hilo. Wagonjwa wote walipewa dawa. Kule Masan, katika Korea, wagonjwa wengine walilazwa kitandani miezi 6, wengine wakaachwa watembee. Kule Pusan wengine walivikwa plasta miezi 9, wengine hawakuvikwa. Kule Bulawayo, katika nchi iitwayo sasa Zimbabwe, wengine walipasuliwa ili mahali pagonjwa pasafishwe, wengine walimeza dawa huku wakitembea.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Kitanda hakikuongeza faida, plasta haikuongeza, wala kusafisha kwa kisu hakukuongeza. Dawa ndizo zilizoponya. Kule Hong Kong tu, ambako wapasuaji hodari waliondoa mfupa wote mgonjwa na kupandikiza mzima, mifupa iliungana upesi zaidi na kibiongo kilipungua.

Baadaye, kule Madras katika India, upasuaji mkubwa kama huo pamoja na dawa za miezi 6 ulilinganishwa na dawa peke yake. Habari za wagonjwa hao baada ya miaka 10 zilitolewa mwaka 1999. Waliokuwa katika hali njema ni 90 kwa mia kati ya waliopasuliwa, 94 kwa mia kati ya waliomeza dawa miezi 6 bila kupasuliwa, na 99 kwa mia kati ya waliozimeza miezi 9.

Tukumbuke tena gharama ya kisu. Ili kuufikia mgongo, mara nyingi mpasuaji hupitia kifuani au tumboni. Mgonjwa hulazwa usingizi mzito, aweza kupoteza damu nyingi, kidonda chaweza kuoza, na ugwe wenyewe waweza kuumizwa. Basi mtoto aliyepewa vidonge hakunyimwa kitu. Amepewa dawa ile ile ambayo hata aliyepasuliwa hana budi kuimeza.

Lini kisu kinafaa?

Lakini tusivuke mpaka. Majaribio hayo hayakuwapokea wagonjwa waliokwisha kushindwa kutembea. Tena, kule Madras, watoto wa chini ya miaka 15 ambao mgongo wao ulikuwa umekwisha kupinda zaidi ya digrii 30 walizidi kupinda sana, ingawa ugonjwa ulipona. Kwa hiyo daktari aweza kushauri upasuaji ikiwa miguu yazidi kulegea, ikiwa pingili hazishikani tena, ikiwa kibiongo cha mtoto chaongezeka, au ikiwa dawa hazifanyi kazi. Hapo mzazi anayekataa kisu kwa hofu, akisema "waliopasuliwa mgongo hawatembei tena", aweza kumpotezea mwanawe miguu yake. Mara nyingi si kisu kilichopooza wagonjwa wale, bali kuchelewa.

Yatupasayo sisi wazazi na walimu

Mtoto asiyeinama, anayelalamika mgongo kwa majuma, anayekonda na kuwa na homa za jioni, apelekwe hospitali mara moja. Akikojoa kwa shida au miguu ikilegea, asingoje hata kesho. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tusiogope kumwuliza daktari: Ugonjwa umethibitishwa kwa njia gani? Mgongo umepinda kiasi gani? Tukingoja, ni hatari gani? Tukipasua, ni hatari gani? Picha ya mifupa itapigwa tena lini?

Na vidonge vimezwe mpaka siku ya mwisho aliyoiweka daktari, iwe miezi 6 au hata 12. Maumivu hukoma mapema. Kijidudu hakifi mapema hivyo. Anayeacha njiani humfundisha adui kuishinda dawa.

Yule mwanafunzi wetu alimaliza vidonge vyake vyote. Kila asubuhi baba yake, aliyekuwa na hasira, alimhesabia kimoja kimoja kabla ya kwenda shamba. Leo huinama na kuokota chaki kama wenzake. Mgongoni amebaki na kinundu kidogo ambacho hakitaondoka. Hicho si kosa la vidonge wala la kukosa kisu. Ni alama ya miezi ile ambayo sisi, mwalimu wake, tulimtazama akiokota chaki tusiulize kitu.