Andalusia: Ziara yenye mazingatio kuliko majumba ya picha

SIFA zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, safari za Ulaya si jambo geni tena miongoni mwa Waislamu wa Afrika Mashariki. Wapo wanaokwenda kwa masomo, wapo wanaokwenda kwa biashara, na wapo wanaowafuata jamaa zao walioko huko. Kwa wengi wao siku za mapumziko huwa chache na fedha huwa za kuhesabu. Afikaye Madrid, mji mkuu wa Hispania, ni nadra asielekezwe kwenda Prado, jumba lililofunguliwa mwaka 1819 na lililo miongoni mwa makumbusho mashuhuri ya picha za kuchorwa duniani. Swali letu la leo ni hili: Muislamu mwenye siku tatu au nne katika nchi hiyo azitumie wapi?

Makala haya hayakusudii kutoa fatwa juu ya picha. Wanazuoni wamelieleza suala hilo kwa urefu na hitilafu zao zinajulikana. Itoshe kusema kwamba sehemu kubwa ya hazina ya Prado ni sura za wafalme, picha za ibada za kanisa, na nyingine za miili isiyositiriwa. Mtu aweza kushinda humo kutwa nzima, akastaajabia ustadi wa mchoraji, akatoka bila kuulizwa lolote kuhusu nafsi yake. Mawe ya Cordoba, Sevilla na Granada humuuliza.

Katika Sura Al-Hajj, aya ya 46, Mwenyezi Mungu anawalaumu wasiotembea katika ardhi wakapata nyoyo za kuzingatia na masikio ya kusikia, na anabainisha kwamba upofu wenye hatari ni ule wa nyoyo, si wa macho. Hivyo safari, kwa mizani ya Qur'ani, hupimwa kwa mazingatio anayorudi nayo msafiri.

Kutoka Madrid hadi Cordoba, ambayo Waislamu waliita Qurtuba, ni safari ya chini ya saa mbili kwa treni ya kasi. Huko ndiko uliko msikiti mkuu ulioanzishwa na Abdurrahman wa Kwanza mwaka 785, ukapanuliwa na watawala waliomfuata kwa muda wa karne mbili. Ndani yake zimo nguzo zaidi ya 850, zilizobeba matao ya ghorofa mbili yenye rangi nyekundu na nyeupe. Mihrabu yake, iliyojengwa zama za Khalifa al-Hakam wa Pili, ingali inang'aa kwa vijiwe vya kioo na dhahabu. Mji ulitekwa na Mfalme Ferdinand wa Tatu mwaka 1236 na msikiti ukafanywa kanisa. Mwaka 1523 ukaanza ujenzi wa kanisa kubwa katikati ya nguzo zile zile. Hadi leo jengo liko chini ya Kanisa na Waislamu hawaruhusiwi kuswali humo. Mgeni na aheshimu utaratibu huo. Aingie kwa utulivu, asome alichokiona, kisha aswali mahali pengine.

Hapo pia atawakumbuka watu anaowajua tangu darasani. Imamu al-Qurtubi, ambaye tafsiri yake ya Qur'ani ingali inasomwa na wanafunzi wetu, alizaliwa katika mji huo na kufariki Misri mwaka 671 Hijria (1273). Ibn Malik, mtunzi wa Alfiya ya nahau, alitoka Jaén, si mbali na hapo. Nchi ikapotea, lakini elimu yao ikabaki.

Sevilla, au Ishbilia, umesimama mnara uitwao Giralda. Ulikamilika mwaka 1198 ukiwa mnara wa adhana, na leo umebeba kengele. Hauna ngazi ndani, bali njia ya mteremko inayozunguka hadi juu. Anayeupanda na aukumbuke mwaka 1248, mwaka ambao mji huo ulianguka, kwani hapo ndipo lilipo somo zito kuliko yote.

Ferdinand alipoizingira Sevilla hakuwa na askari wa Kikristo peke yao. Alikuwa nao pia wapanda farasi wa Kiislamu kutoka Granada. Mtawala wao, Muhammad ibn al-Ahmar, alikuwa amefunga naye mkataba mwaka 1246, akakubali kumlipa kodi na kumsaidia vitani ili ubaki ufalme wake. Inasimuliwa kwamba aliporejea kutoka vita hivyo watu wake walimlaki kwa kumwita mshindi, naye akawajibu kwamba hakuna mshindi ila Allah. Maneno hayo, wa la ghaliba illa Allah, yamechongwa mara nyingi mno katika kuta za Alhambra, kasri aliloanza kulijenga mwaka 1238 na wajukuu zake wakaliendeleza.

Ndugu msomaji, hebu tafakari. Neno la haki limeandikwa juu ya ukuta wa nyumba ambayo mwenyewe alikwisha kusaidia kuuangusha mji wa ndugu zake. Alinunua muda, na ufalme wake ukadumu zaidi ya miaka 240. Lakini ilipofika tarehe 2 Januari 1492, Granada nayo ilisalimu amri, wala hapakuwa na Sevilla wala Cordoba ya kuisaidia. Mkataba wa kusalimu uliahidi kulinda dini, misikiti na mali za Waislamu. Haikupita miaka kumi ila vitabu vya Kiarabu vikachomwa moto hadharani na watu wakalazimishwa kubatizwa. Kati ya mwaka 1609 na 1614 vizazi vyao, wanaokadiriwa kufikia laki tatu, wakafukuzwa nchini.

Dhulma hiyo haina udhuru. Hata hivyo, anayelia mbele ya Alhambra kwa kuwalaumu maadui peke yao amesoma nusu ya ukuta. Sura Al-Anfal, aya ya 46, imetuonya kwamba kuzozana huleta kushindwa na kupotea kwa nguvu. Andalusia ilikwisha kugawanyika kuwa vijifalme tangu ukhalifa ulipovunjika mwaka 1031, na baadhi ya watawala wake wakilipa kodi kwa adui ili wamshinde jirani Muislamu. Je, misikiti yetu inayogombania uongozi, na jumuiya zetu zinazoshitakiana, hazina la kujifunza hapo?

Nasi wa pwani hii tunaguswa kwa njia nyingine. Ibn Battuta aliyeizuru Kilwa mwaka 1331 ndiye aliyefika Granada karibu mwaka 1350. Aliyeiandika safari yake kwa kalamu, Ibn Juzayy, alikuwa mtu wa Granada. Habari za Kilwa tunazozisoma leo zimepitia mkono wa Mwandalusia.

Atakayejaaliwa kufika na akate tiketi ya Alhambra mapema, kwani kuingia katika kasri za ndani hupangiwa saa. Kisha apande mtaa wa Albaicín, uliko msikiti uliofunguliwa mwaka 2003 ukielekeana na Alhambra, aswali humo pamoja na Waislamu wa Granada ya leo. Kama itabaki siku, majumba ya picha yapo, hayatahama.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie macho yanayoona na nyoyo zinazozingatia, na atuunganishe kabla hatujawa sisi magofu ya kutembelewa na wengine. Amin.